Miezi 14 nachangia, apdeti mbili: hawa watengenezaji wa gemu za riwaya za wakubwa wanatupiga kalenda, au sisi ndio tuna haraka?

#1 Kobe Mwendokasi

Wakuu, habari za jioni.

Naleta malalamiko, ila naomba nisikilizwe kabla ya kurushiwa mawe. Sizungumzii picha wala zile sehemu mnazozijua. Nazungumzia hela yangu na kalenda.

Kwa ambao hawajakutana nazo: kuna gemu unazisoma kama riwaya. Picha iko nyuma, maneno yanapita chini, mara unaulizwa uchague, umfuate dada kituo cha basi au ubaki nyumbani, na hadithi inageukia ulikochagua. Za wakubwa nyingi hazina kampuni. Ni mtu mmoja chumbani kwake, Ulaya au Marekani huko, anachangiwa na mashabiki kila mwezi kupitia Patreon au SubscribeStar. Na gemu haitoki nzima. Inatoka 0.1, halafu 0.2, halafu 0.3, unaweza kumfuata mtu mpaka ukaoa ukapata watoto wawili hujaiona 1.0, yaani gemu iliyokamilika.

Sasa kuna mmoja namchangia dola 5 kwa mwezi, jina silitaji kwa sababu sijaja kumchafua mtu. Nilipojiunga ukurasa wake ulisema apdeti ni kila wiki sita hadi nane. Leo niko mwezi wa 14. Apdeti nilizopata ni mbili. Ya kwanza niliikuta ndiyo imetoka, nikakesha nayo. Ya pili ikaja miezi tisa baadaye, nikaimaliza kwa saa moja na nusu, na katika hizo nusu saa nzima nilikuwa najikumbusha nani ni nani.

Jamaa hajanyamaza, hapo nimtendee haki. Kila Jumapili anaandika hali ya kazi. Nimezihifadhi, hebu oneni mwendo wake:

Jumapili ya kwanza, renda (picha zilizokwisha kutolewa na kompyuta) 1,140 kati ya 1,600.
Ya pili, 1,190 kati ya 1,600.
Ya tatu, 1,215 kati ya 1,850.
Ya nne, "wiki hii nilikuwa na mafua."
Ya tano, 1,300 kati ya 2,100.

Mmeona? Yeye anatembea, mstari wa mwisho unakimbia.

Sote tumewahi kuwa na fundi cherehani wa hivi. Unapeleka kitambaa mwezi mtukufu, "njoo Ijumaa", Ijumaa ikifika "njoo Jumatatu", Idi unaenda kuswali na kanzu ya mwaka jana. Lakini hata fundi yule advansi alichukua mara moja. Hakuja nyumbani kila tarehe 1 kudai advansi nyingine ya kanzu ileile.

Dola 70 mpaka sasa. Kwa hela yetu ni kama laki na themanini. Nina haki ya kuuliza au sina?

#2 Msimamizi

Uzi ubaki. Masharti: hakuna viungo, hakuna picha, hakuna kuelezana vipande vya gemu. Aliye chini ya miaka 18 atoke. Na mjue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kusambaza ponografia, msinipe kazi ya kufuta usiku.

#3 Mtukutu254

Kobe pole lakini hiyo ni kujitakia. Mimi huwa naingia siku apdeti imetoka, nalipa mwezi mmoja, nashukisha, natoka siku hiyohiyo. Mwaka mzima nimetumia dola kumi na tano kwa gemu tatu. Kwani nani alikuambia ukae ndani ukingojea?

#4 Kobe Mwendokasi

Mtukutu, nilikaa kwa sababu jamaa aliandika "bila ninyi nisingeweza." Nikajiona mwekezaji.

#5 Mtukutu254

😂😂 Mwekezaji hupewa hisa, wewe ulipewa jina kwenye ukurasa wa shukrani.

#6 Chumvi ya Pemba

Mie siwaelewi kabisa. Riwaya unaisomaje vipande vipande, leo sura ya tatu, ya nne baada ya miezi tisa? Mimi nasubiri kitu kiishe. Katawa Shoujo nimeisoma nzima, ilitoka bure tarehe 4 Januari 2012 baada ya kikundi cha watu wa kujitolea kukaa nayo miaka kama mitano, na hayo mambo ya wakubwa mule unaweza kuyazima kwenye mpangilio ukafuata hadithi tu. Hawakuchangisha mtu. Aliyeandika kwa mapenzi hana wa kumdai tarehe.

Na hizi za kulipia pia, zikifika Steam, lile duka la gemu mtandaoni, unanunua msimu uliokamilika. Being a DIK msimu wa kwanza ni vipindi vinne vya mwanzo, umewekewa pamoja, unasoma kama binadamu.

#7 Ng'ombe wa Nne

Mnazunguka mbuyu. Hawa wanatukamua, basi. Angalia hesabu yake mwenyewe: gemu ikiwa haijaisha, hela inaingia tarehe 1. Gemu ikiisha, wachangiaji wanaondoka. Nani atamchinja ng'ombe anayemkamua kila asubuhi? Ndiyo maana wanaongeza mhusika mpya, mara wanarudia picha zote za mwanzo kwa sababu "ubora wangu umepanda." Mtu yuko toleo la 0.7 anarudi kupaka rangi 0.1!

#8 Mzee wa Renda

Nimesoma kimya kimya, sasa nishushe nondo kidogo, maana nimejaribu hii kazi kwa mkono wangu. Yangu ilikuwa hadithi ndogo ya mapenzi, wala haikuwa na hayo, ila zana ni zilezile: Daz Studio kwa picha, Ren'Py kwa gemu. Ren'Py ipo tangu 2004, ni ya bure, na ni rahisi kiasi kwamba kila mtu anadhani anaweza. Mimi ni mmoja wao.

Picha ya kwanza: watu wawili jikoni, usiku, taa moja ya mezani. Nikabonyeza, nikaenda kuoga. Nikarudi bado ina chenga kama mchanga. Kumbe picha ya gizani inachukua muda mrefu kuliko ya mchana, maana programu inahangaika kutafuta mwanga unakotoka. Nikaongeza mhusika wa tatu mwenye nywele ndefu. Kadi yangu ya picha ina gigabaiti 6, haikutosha, na isipotosha kazi yote inahamia kwenye prosesa. Dakika arobaini zikawa saa sita. Feni inalia kama mashine ya kusaga, nauangalia usomaji wa LUKU unavyoshuka. Imefika asilimia 91, umeme ukakatika.

Sasa tuchukue zile renda 1,600 za jamaa wa Kobe. Tumpe mashine nzuri, kila picha dakika 20. Hizo ni saa 533, siku 22 mashine haijazimwa.

#9 Kobe Mwendokasi

Siku 22 si miezi tisa mzee wangu.

#10 Mzee wa Renda

Tulia, sijamaliza. Hiyo ni mashine. Mtu je? Kila picha inapangwa kwa mkono. Kidole kimezama kwenye kikombe, unakitoa. Macho yanatazama ukuta badala ya mtu, unayageuza. Nywele zimepita ndani ya bega. Weka dakika 15 kwa picha, na hapo ni mtu mwepesi. 1,600 mara 15 ni saa 400, siku 50 za kazi za saa nane. Bado hajaandika neno. Halafu wachangiaji wanataka vitu vinavyotembea: sekunde 2 kwa fremu 30 kila sekunde ni picha 60, hata kila moja ikichukua dakika 5 ni saa 5 za mashine kwa kitu mtakachokitazama mara moja mkabonyeza kiende mbele.

Na kuna jambo ambalo mashabiki hawalipigii hesabu kabisa. Gemu hizi zinazidi kuwa nzito kadiri zinavyosonga. Kwenye 0.1 ulimuuliza mchezaji amsamehe kaka yake au asimsamehe. Kwenye 0.8 kaka anaingia mlangoni, na lazima uandike waliosamehe wanasalimianaje na wasiosamehe wanasalimianaje. Kuna maswali kama hayo arobaini nyuma yako. Mwandishi wa riwaya ya kawaida sura ya ishirini inamteremkia. Huyu anapanda mlima. Kwa hiyo ile ahadi ya wiki sita hadi nane huenda ilikuwa kweli alipoiandika, akiwa 0.2. Kosa lake ni kuiacha ukurasani.

#11 Chumvi ya Pemba

Mzee wa Renda, hiyo ya kaka mlangoni nimeielewa kuliko hesabu zote za juu. Hadithi yako iliishia wapi?

#12 Mzee wa Renda

Iliishia jikoni dada yangu. Picha 31.

#13 Karani Mstaafu

Vijana, tofautisheni michango miwili mnayoichanganya.

Kuna mchango wa mara moja, wa Kickstarter. Unatoa, kuna lengo, kuna orodha ya utakachopata. Muv-Luv, riwaya ya Kijapani iliyokuja Magharibi hivyo mwaka 2015, waliomba dola 250,000 wakapata zaidi ya milioni 1.2, na hiyo ni gemu ambayo kwao ilikuwa imeshakamilika, kazi kubwa ilikuwa tafsiri na kuihamisha. Subverse ya watu wazima, mwaka 2019, ilipata zaidi ya pauni milioni 1.6. Ikaanza kuchezwa ikiwa haijakamilika Machi 2021, ikafika toleo kamili mwishoni mwa 2024. Miaka mitano na zaidi tangu hela itolewe. Watu walinung'unika, lakini hakuna aliyekatwa tena katikati.

Na kuna mchango wa mwezi. Patreon ilipoanzishwa 2013 na Jack Conte na Sam Yam, wazo la mwanzo lilikuwa kumlipa msanii kwa kila kazi anayotoa. Conte mwenyewe ni mwanamuziki, alikuwa ametengeneza video ya gharama akaona malipo ya matangazo ni ya kuchekesha. Video moja, malipo moja. Mwezi ulikuja kutawala baadaye. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mgogoro wenu ulipozaliwa. Hela inakuja kila siku 30, kwa hiyo kichwa cha mchangiaji kinatarajia kazi kila siku 30, na mtengenezaji kwa hofu ya kukimbiwa anaahidi kila siku 30, wakati kazi yenyewe haina mwezi. Mama lishe analipwa kwa sahani, mlinzi kwa mwezi. Hawa mnawalipa kama walinzi mkitarajia sahani.

Ng'ombe wa Nne, habari yako ya kukamua ina ukweli lakini si sheria. Aliyetengeneza Being a DIK alianza na Acting Lessons, akaimaliza. Aliyetengeneza Eternum alimaliza kwanza Once in a Lifetime. Wote wawili gemu ya pili ndiyo iliyowatoa, na watu waliwafuata kwa sababu waliona ya kwanza imefika mwisho. Kumaliza kunalipa, ila kunalipa baadaye, na mwenye njaa haoni baadaye.

Kifo kibaya zaidi ninachokikumbuka hakikuwa hata cha ucheleweshaji. Breeding Season, mwaka 2016, ikiingiza makumi ya maelfu ya dola kwa mwezi, mwenye mradi na mchoraji wake wakagombana, mchoraji akaondoka na haki ya michoro yake, mradi ukafa palepale. Wachangiaji walikuwa wanahesabu siku za apdeti, na kumbe karatasi ya makubaliano ndiyo ilikuwa na tundu.

#14 Ng'ombe wa Nne

Karani nimekupata, ila hao wawili uliowataja ni wachache waliofika. Kaburi la 0.3 limejaa. Mtu anaandika "napumzika kidogo kwa afya yangu," na kitufe cha kuchangia anakiacha wazi.

#15 Mtukutu254

Hapo Ng'ombe amesema. Na Patreon iko na mahali ya kusimamisha malipo mwezi ambao huna kazi. Kuna madevelopa huitumia, nimeona: "mwezi huu sitawakata." Huyo mimi nikirudi huwa namrudia na dola kumi. Asiyeitumia akiwa amelala miezi minne, huyo jibu tunalo.

#16 Dereva wa Usiku

Samahani wakuu mimi nilikuja kutafuta ratiba ya treni sijui nimefikaje huku. Nimesoma yote.

#17 Mzee wa Renda

Karibu dereva, kaa.

Mtukutu, nakubali kabisa hilo la kusimamisha malipo. Ila mbinu yako ya kuingia na kutoka ina matokeo, na nitakuambia kwa kuwa wewe si mbaya. Mkiwa wengi wa hivyo, mapato ya mtengenezaji yanapanda wiki ya apdeti na kuporomoka wiki inayofuata. Anajifunza nini? Kwamba apdeti ndiyo hela. Anaanza kukata hadithi vipande vidogo ili atoe kila mwezi. Sasa kila kipande lazima kiwe na kile mashabiki wanachokijia, la sivyo watasema mwezi huu hamna kitu, kwa hiyo hadithi inapigwa breki kila kurasa kumi ili sehemu ile iingie. Mmewahi kucheza gemu mkajiuliza mbona huyu mama ametoka msibani moja kwa moja mpaka chumbani? Hiyo ni ratiba ya mwezi, mwandishi anaijua aibu yake.

Zile mnazozisifia hapa, nyingi zinatoka kwa miezi mingi kati ya kipindi na kipindi. Hamtaki kuyaunganisha hayo mawili.

#18 Chumvi ya Pemba

😂 Msibani mpaka chumbani! Hiyo nimeiona kwa macho yangu.

#19 Karani Mstaafu

Niongeze dogo: si kila kuchelewa ni kwao. Julai 2025, kwa shinikizo la kampuni za kadi na malipo, Steam iliondoa gemu nyingi za wakubwa, na itch.io, duka jingine la gemu, ikazificha za aina hiyo kwenye utafutaji wake kwa mkupuo. Mtu aliyekuwa anapanga kutoa Agosti alijikuta anatafuta mahali pa kuuzia. Na Patreon yenyewe ilikaza kanuni zake za maudhui ya wakubwa 2017, kuna waliolazimika kuandika upya uhusiano wa wahusika wote kwenye gemu nzima.

#20 Kobe Mwendokasi

Nimewasoma wote. Niseme palipobaki kidonda.

Mzee wa Renda, hesabu yako ya siku 22 na siku 50 nimeirudia kwa kikokotoo mara mbili. Ukiongeza kuandika na kupima makosa, mtu mmoja miezi mitano sita ni halali kabisa. Laiti jamaa angeandika hivyo siku ya kwanza, ningemlipa na nisingemuuliza. Ningeweka tarehe kichwani, nikaenda zangu. Kinachoniuma ni ile 1,600 iliyogeuka 1,850 halafu 2,100 bila neno. Mimi si mtoto, ukiongeza chumba kwenye nyumba niambie umeongeza chumba. Huwezi kunionyesha msingi uleule kila Jumapili ukasema tumekaribia.

Na wiki sita hadi nane bado iko ukurasani. Nimeangalia sasa hivi.

Nilichofanya: nimemwandikia. Kwa adabu. Nikamuuliza mbona lengo limehama, na kama anaweza kuiondoa ile ahadi. Halafu nikajiondoa kwenye mchango wa mwezi.

#21 Mtukutu254

Akijibu leta mrejesho.

#22 Kobe Mwendokasi

Mrejesho, siku nne baadaye.

Amejibu. Aya ndefu, na kusema ukweli imenilegeza. Anasema zile 500 zilizoongezeka ni za njia ya hadithi ambayo ni wachezaji wachache tu watakaoiona, wale waliomkataa kila mhusika tangu mwanzo. Hakuna aliyeiomba. Aliona aibu kuwaachia ukurasa mtupu. Hakutuambia kwa sababu aliogopa tutasema anapoteza muda kwa njia isiyo na sehemu zile.

#23 Mzee wa Renda

Na mngesema.

#24 Ng'ombe wa Nne

Mimi ningesema, sitadanganya.

#25 Kobe Mwendokasi

Wiki sita hadi nane ameifuta. Sasa pameandikwa "ikiwa tayari."

Mimi ndiye niliyekuwa nimekataa kila mtu tangu mwanzo, wakuu. Ile njia ni yangu.

#26 Chumvi ya Pemba

Kobe! Sasa unarudi kuchangia au hurudi?

#27 Kobe Mwendokasi

Ameandika jana usiku kwamba apdeti inatoka Ijumaa. Leo ndiyo Ijumaa, hapa kwetu saa tano na nusu usiku, nimeshaweka elfu kumi na nne kwenye kadi ya M-Pesa na bando la kushushia lipo. Nimerudi kusoma tangazo lake vizuri. Ijumaa ameitaja, ya wiki ipi hakusema.

#28 Mtukutu254

😂😂😂 Kaa kwa kutulia.